Mkono wa Ndila Kwenye Sahani Nyekundu

Kwetu Mbooni, juu kidogo ya Kikima, mtamba akizaa mara ya kwanza hakamuliwi na mwenyewe. Anaitwa Ndila.

Ndila ni mama mkwe wangu. Ni mwanamke mfupi, mpole, asiye na makuu, na mlima mzima unaamini kwamba mikono yake ina baraka. Huja amejifunga leso safi, mkononi ana kikombe cha bati chenye maziwa ya Katune, ng'ombe wake mwekundu anayetoa maziwa kumshinda ng'ombe yeyote tunayemjua. Huomba kwa ufupi, huchovya vidole kikombeni, kisha humpaka mtamba maziwa hayo kwenye chuchu zote nne, akizisugua polepole mpaka zilowe na kulainika. Hapo ndipo huanza kukamua. Tunaita kufungua kiwele. Watu husema mtamba aliyepakwa maziwa ya Katune atamfuata Katune.

Mimi naitwa Kaveke, na subira sina. Mume wangu, Mulinge, hunitania kwamba hata chai naigombeza ichemke haraka. Mambo mengi ya mlima huu nimeyapinga hadharani, kanisani na kwenye mikutano ya kina mama, lakini hili la kufungua kiwele sikuwahi kulitilia shaka. Niliona mitamba ya Ndila ikijaza ndoo, na wenyewe wakija kumshukuru kwa sukari na majani ya chai. Ungebishana na ndoo iliyojaa?

Nami nilikuwa na mtamba. Jina lake Kyeni, mweusi mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso, mtoto wa Katune mwenyewe. Ndila alinipa nilipojifungua kitinda mimba wangu, akasema mbele ya wanawe wote wa kiume, "Huyu ni wa Kaveke. Si wa Mulinge." Wanawake wengi wa kwetu hukamua ng'ombe maisha yao yote bila hata mmoja kuwa wao. Kyeni alikuwa wangu. Mimba yake ilikuwa imekua, kiwele kimeanza kujaa, na kila asubuhi kabla sijawasha moto nilikwenda kwanza kukitazama.

Ndipo maziwa ya mlima yakakataliwa.

Musyimi, mwenyekiti wa kikundi chetu cha maziwa, ndiye huyapeleka Kikima kwenye mtambo wa kupoza. Asubuhi hiyo alirudi na mitungi imejaa vilevile kama alivyoondoka nayo, akaishusha njia panda bila kumtazama mtu usoni.

"Imerudishwa," akasema. "Yote. Wanasema ng'ombe zetu ni wagonjwa."

"Wagonjwa wapi?" nikamfokea. "Katune si anakula? Si anacheua? Hiyo maziwa yake si ni nyeupe kuliko shati yako?"

"Si mimi nimesema, Kaveke. Ni mashine imesema."

"Basi mashine ije imkamue tuone."

Haikuja mashine, alikuja msichana wa maabara kutoka mji wa Wote. Alikuwa mrefu, amevaa hijabu ya kijani na mabuti ya mpira, jina lake Ismahan, kwao Garissa. Nilimwona mdogo mno kuja kutufundisha ng'ombe, nikajiandaa kumshinda kwa maneno. Watu wa mlima walikusanyika kwenye boma la Ndila, wengine wamekuja na ng'ombe wao, wengine wamekuja kusikia nitakavyosema.

Ismahan alikuwa na kibao cheupe cha plastiki chenye vikombe vinne vifupi. Kila chuchu ilikamuliwa kwenye kikombe chake, kidogo tu, kisha akatia dawa ya rangi ya zambarau na kuanza kukizungusha kibao taratibu mkononi. Alianza na ng'ombe wa Musyimi. Akatikisa kichwa. Akaenda kwa mwingine, naye vilevile. Alipofika kwa Katune nilisogea mbele, nikamwambia achukue muda wake, kwa sababu huyu ndiye ng'ombe mwenyewe na aibu ingekuwa yake.

Katika vikombe viwili maziwa yalicheza huku na huku kama maji. Katika vile viwili vingine yakashikana.

Yalishikana tukiyatazama. Punde tu yalikuwa maziwa meupe, mazuri, ambayo ningempa mtoto wangu anywe. Sasa yalikuwa ute mzito wa zambarau uliojikusanya katikati, na Ismahan alipoinamisha kibao ulivutika ukaning'inia bila kukatika. Mulinge alinigeukia kuona kama mimi ni mzima, maana hajazoea kusikia kimya changu.

"Ni dawa yako imegandisha," nikasema mwishowe, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Dawa yangu inapasua tu, mama," Ismahan akajibu. "Huyu ng'ombe ana vita ndani. Kuna bakteria wameingia kwa kiwele. Mwili wake unatuma askari kutoka kwa damu, wanaingia huko, wanapigana, wanakufa. Hiki kinachovutika ni matumbo ya askari, dawa imewapasua."

"Askari wangapi?"

"Kwa kijiko kimoja cha haya maziwa? Mamilioni."

Nikamtazama Katune. Alikuwa akitafuna majani ya nepia, macho yamelegea, hana habari na mtu. Vita vya mamilioni vilikuwa vikipiganwa ndani yake na hata mkia hakuutikisa. Nilikuwa nimeegemea ubavu wa ng'ombe huyo asubuhi ngapi, shavu langu kwenye manyoya yake, na sikuwahi kusikia chochote.

Ndila alikuwa amesimama kando, mikono ameikunja ndani ya leso. "Hao maadui," akauliza kwa upole, "wameletwa na nani?"

"Ndiyo nataka kujua, nyanya. Wako aina nyingi. Kuna wale wanatoka kwa mavi na matope. Hao wana haraka, ng'ombe anashikwa na homa leo na kesho hasimami. Lakini hawa wa Katune naona ni wale wa kukaa. Wanaishi ndani ya kiwele na kwa ngozi, wanahama polepole, ng'ombe mpaka ng'ombe." Akasita kidogo. "Ni nani anakamua hizi ng'ombe?"

Watu wote walijua jibu na wote wakaangalia chini. Mulinge alianza kukagua kwato za ng'ombe ambaye hakuwa hata wetu.

Ndila akapiga hatua mbele. "Ni mimi nafungua zote," akasema. "Mlima wote. Kwa hivyo pima na mimi."

Alisema bila hasira, lakini namjua. Alitaka mikono yake isafishwe jina mbele ya watu. Ismahan akatoa sahani kubwa ya plastiki yenye kifuniko, ndani yake kuna kitu chekundu kilichoganda, akatueleza kwamba kimechanganywa na damu ya kondoo kwa sababu bakteria wanapenda kula damu. Ndila akaweka kiganja chake juu yake polepole, mkono wa kulia, kama mtu anayeapa kortini. Alipoinua hapakuwa na kitu. Palikuwa na unyevu kidogo, basi.

"Unaona," akaninong'oneza. "Hakuna."

Tuliitwa mjini Wote baada ya siku chache. Musyimi alitushusha kwa pikapu yake, mimi na Ndila mbele, yeye akiendesha na kulalamika juu ya joto kadiri tulivyoteremka. Maabara yenyewe, tulipoingia sote watatu, ilikuwa chumba kimoja tu, meza ndefu, na kabati la kutunza joto lililokuwa likinguruma kwa sauti ndogo. Nilikuwa nimekuja na maswali yangu ya kumbana msichana. Hata moja sikuliuliza.

Ismahan alifungua kabati, akatoa sahani, akaiweka mbele ya Ndila na kuondoa kifuniko.

Mkono ulikuwa umeota.

Sijui niseme vipi. Mahali palipokuwa na unyevu tu, sasa palikuwa na mkono mzima wa Ndila, vidole vyote vitano, kiganja, hata kile kidole cha shahada kilichopinda tangu alipokatwa na jembe, na mkono wote ulikuwa wa dhahabu. Ulikuwa umeundwa na vitone vidogo vilivyobanana, vinavyong'aa, rangi ya siagi na dhahabu, juu ya ule wekundu. Kuzunguka kila kitone wekundu ulikuwa umefifia ukawa kioo. Nilikuwa nikiona meza kwa chini yake.

"Pale kumekuwa wazi ni wapi wamekula damu," Ismahan akasema. "Na kila kitone mnaona kilianza na mmoja tu. Mmoja. Hakuna jicho lingemwona. Akajigawa mara mbili, hao wawili wakajigawa, usiku kucha. Kwa kitone kimoja sasa wako wengi kuliko watu wa Kenya nzima."

Nilijaribu kufikiri juu ya watu wa Kenya nzima. Nilianza na Kikima siku ya soko, nikaongeza Tawa, nikaongeza Wote, na nilipofika Nairobi nikashindwa. Kisha nikakumbuka kwamba hicho ni kitone kimoja, na kwenye kidole gumba cha mama mkwe wangu pekee sikuweza kuvihesabu.

Akatuita kwenye maikroskopu. Ndila alikataa kwanza, akasema nianze mimi mwenye mdomo. Nikainama. Niliona duara la mwanga na ndani yake vijidude vya mviringo, vya zambarau, vimeshikamana vishada vishada, kama matunda ya mkuyu yanavyobanana kwenye shina. Vilikuwa vimetulia, vizuri, vimepangika. Nilidhani nitaona kitu kibaya. Nilikaa pale mpaka Ndila akanivuta nguo.

Alipoinama yeye alikaa muda mrefu zaidi. Ismahan alimweleza taratibu, mkono wake umeshika bega la mzee: kwamba wakiingia ndani ya kiwele hujichimbia kwenye nyama, hujijengea ukuta wao wenyewe, wengine huingia hadi ndani ya wale askari waliotumwa kuwaua na kulala humo. Ndiyo maana sindano hupita juu yao. Dawa ikiisha huamka. Ng'ombe anaweza kuwabeba miaka, anakula, anazaa, anatoa maziwa mengi, na mtu asijue.

"Maziwa mengi," Ndila akarudia bila kuinua kichwa.

"Mengi. Hii sahani nyingine ni ya maziwa ya Katune. Angalia, nyanya. Dhahabu ni ileile. Na hii ni ya ng'ombe ya Musyimi. Na hii. Mimi kitu kimoja ndiyo sielewi, wamefikaje kwa wote hivi? Mikono inaweza, lakini si mitamba yote, si chuchu zote nne."

Ndila akainuka. Akazitazama zile sahani zote mezani, moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa tayari nimeshajua, na nilitamani ardhi initangulie kumwambia.

"Kikombe," akasema.

Akamweleza Ismahan yote, kikombe cha bati, maziwa ya Katune, vidole, chuchu nne, maombi. Hakuacha kitu. Msichana yule hakucheka wala hakushtuka. Alimvutia kiti, na Ndila alipokaa, yeye akachuchumaa mbele yake sakafuni.

"Walikuwa hapo wakati naomba?" Ndila akauliza.

"Walikuwa hapo."

"Wakati nasema amina?"

"Ndiyo, nyanya." Ismahan akainuka, akaleta sahani nyingine, ndogo, yenye vitone vyeupe vilivyotawanyika. "Hiki ni kidole changu mimi. Nilikiweka jana asubuhi baada ya kuswali, bado nina udhu. Wangu ni aina nyingine, hawana shida, lakini wako. Kila mtu anao. Mimi nafanya hii kazi kila siku na bado nikifungua hilo kabati nashangaa."

"Ni Mungu aliwaumba?"

"Ndiye."

Ndila akafikiri. "Basi ako na kazi nyingi kuliko vile pasta anatuambia," akasema, na akalia. Alilia bila sauti, mikono ameiweka magotini, viganja juu, akiitazama. Nilimwonea huruma, na papo hapo, Mungu anisamehe, nilikuwa nikimfikiria Kyeni.

Kwa maana sasa ilikuwaje? Kyeni angezaa wakati wowote. Kiwele chake kilikuwa hakijaguswa na mkono wa mtu, bado ni safi. Na aliyenipa Kyeni, aliyesimama mbele ya wanaume akasema huyu ni wa Kaveke, ndiye ningemzuia mlangoni.

Nikamwambia Mulinge azungumze na mama yake.

"Mimi?" akasema. "Hayo ni mambo ya wanawake."

"Jana ulisema mambo ya ng'ombe ni ya wanaume."

"Hiyo ilikuwa jana," akasema, akachukua jembe akaenda kurekebisha matuta ambayo hayakuwa na kasoro.

Mlima nao uligawanyika. Tulipewa masharti: kunawa kwa sabuni kabla ya kila ng'ombe, kila ng'ombe na kitambaa chake, wagonjwa wakamuliwe mwisho, chuchu zichovywe kwenye dawa baada ya kukamua. Wengi walifuata. Lakini kulikuwa na waliosema msichana wa watu anajua ngamia tu, na kwamba mtamba asipofunguliwa kwa maziwa ya Katune atakauka. Hata Musyimi, ambaye aliziona sahani kwa macho yake, alinivuta kando baada ya ibada.

"Kaveke, hiyo mambo ya Wote ni kweli," akasema. "Lakini mtamba wangu anakaribia kuzaa. Kidogo tu, tone moja, si itakuwa sawa? Juu ya baraka?"

"Musyimi," nikamwambia, "tone moja ndilo mlima wote."

Nilikuwa mkali, lakini usingizi ulikuwa umenihama. Kyeni akikauka, wangesema nilimkatalia baraka kwa kiburi. Akiambukizwa, ningekuwa nimeona ile dhahabu na nikanyamaza kwa kumwogopa mama mkwe. Ndila naye alijitenga. Alikuwa hatoki. Alimkamua Katune peke yake, mwisho wa wote, akamwaga maziwa shimoni, akaingia ndani. Tulipomweleza kwamba ng'ombe wa namna hiyo ni bora auzwe kwa wachinjaji alitikisa kichwa. "Mimi na Katune wadudu wetu ni wamoja," alisema. "Tuacheni."

Kyeni alizaa Jumapili mchana, watu wakiwa ndiyo wametoka kanisani. Ndama jike, mweusi tititi. Kabla hata hajasimama vizuri boma lilishajaa watu na nguo zao za ibada, wakimsifu, na kila mmoja akichungulia njia ya kwa Ndila.

Akaja. Amevaa leso safi. Watu wakampisha njia, na niliona baadhi yao wakitabasamu kwa faraja. Nilikwenda nikasimama kwenye lango la boma, nikashika mti huu na mti huu.

"Mwaitu, mama yangu," nikasema, "usiingie." Nilitaka kuongeza kwamba nampenda, kwamba namheshimu, nikaona nikiongeza neno nitalia. "Tafadhali usiingie, mwaitu."

Nyuma yangu mtu alivuta pumzi. Mkwe hamwambii hivyo mama wa mumewe, tena mbele za watu, tena siku ya Bwana. Mulinge alikuwa amegeuka rangi.

Ndila alinitazama usoni. Kisha akaitoa mikono ndani ya leso na kuishika miti ya ua kwa nje, mmoja huku, mwingine kule, kama mtu anayejifunga hapo.

"Sikuja kuingia," akasema. "Ingia wewe."

"Na maziwa ya Katune?" sauti moja ikauliza kutoka nyuma.

"Maziwa ya Katune imemwagwa," Ndila akajibu bila kugeuka. "Mimi niliona mkono wangu. Nyinyi hamkuona. Nyamazeni mtoto akamue."

Mimi mwenye watoto wanne, mtoto. Nikanawa kwa sabuni hadi viwikoni, nikazipangusa chuchu kwa kitambaa kipya, nikachuchumaa. Kyeni akaruka. Akapiga teke ndoo ikaenda mpaka ukutani. Nikamrudia, akanikanyaga. Aliusikia woga wangu mikononi, kiwele kikakaza, halikutoka hata tone, na watu walianza kunong'ona kile nilichokuwa nikikiogopa.

Hapo Ndila akaanza kuzungumza naye kutoka nje ya ua. Hakuwa akiimba wala kuomba. Alimwambia Kyeni jina la mama yake, akamwambia siku aliyozaliwa mvua ilivyonyesha, akamwambia yule aliyeko chini ni Kaveke, kelele zake ni za mdomo tu. "Kaveke, weka paji la uso kwa ubavu wake," akasema kwa sauti ileile, "usivute, bana kuanzia juu, ngoja, ngoja, sasa." Nilifanya alivyosema. Nilisikia kiwele kikilegea mkononi mwangu, na maziwa ya kwanza, mazito, ya manjano, yakapiga ndani ya ndoo.

Nilipoinua uso Ndila alikuwa bado ameshika ile miti. Alikuwa ameikaza mikono mpaka vifundo vimekuwa vyeupe.

Ismahan alikuwa ametuambia tusipime mapema, maana maziwa ya kwanza ni mazito yenyewe na kibao kingetudanganya. Kwa hiyo tukangoja. Sijawahi kungoja kitu hivyo maishani. Nilinawa mpaka ngozi ikapauka. Kila nikishika kikombe, mlango, mkono wa mtoto, nilifikiria wale viumbe waliotulia kwenye vishada vyao, na nikaanza kuona dunia imejaa watu kuliko nilivyodhani, kila mahali, juu ya meza yangu, juu ya Biblia, juu ya midomo yangu mwenyewe nikisema habari za asubuhi. Ajabu ni kwamba sikuwachukia. Niliwaogopa kama mtu anavyoogopa kusimama ukingoni mwa Mbooni alfajiri, ukungu umejaa bondeni, huoni chini lakini unajua kuko mbali.

Msichana alikuja tena na kibao chake. Nilimkamua Kyeni mwenyewe, kila chuchu kikombe chake. Dawa ya zambarau ikaingia. Akazungusha.

Yalitiririka. Vikombe vyote vinne, yalizunguka mepesi, yakapanda ukingoni na kushuka, hayakushikana hata kidogo. Nilipiga ukelele uliowatoa watu mashambani. Mulinge alimshika Ismahan mkono akautikisa mpaka kibao kikamwagika.

Ndila alikuwa kwenye lango, nje. "Imeshika?" akauliza.

"Haijashika, mwaitu. Ni maji."

Akafunga macho. Midomo yake ilisogea muda mfupi, na sikusikia alichosema.

Tulikuwa bado hapo simu ya Mulinge ilipolia. Alikuwa Musyimi. Mtamba wake, yule mwenye pembe fupi, alikuwa ametoka kuzaa, na sauti yake ilisikika mpaka tulipokuwa tumesimama: mama aje, tafadhali, mama aje afungue. Mulinge akamtazama mama yake, simu mkononi.

Ndila akaenda jikoni. Akarudi na birika la maji ya vuguvugu na kipande cha sabuni, akasimama mbele yangu.

"Lete mikono," akasema.

Tangu nilipoolewa ni mimi ninayemmiminia maji anawe kabla ya kula. Ndivyo ilivyo, mkwe humnawisha mama mkwe, na sijawahi kuona kinyume chake popote. Nilirudi nyuma. Akasogea tena.

"Mwaitu, hapana."

"Lete."

Nikaitoa. Akamimina polepole, kwa uangalifu, akihakikisha birika halinigusi wala vidole vyake havinigusi, na mimi nikasugua, kiganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka viwikoni. Alimimina mpaka birika likaisha.

"Sasa enda kwa Musyimi," akasema. "Mwambie ni mimi nimekutuma."